Mguu wa Akinyi

Jumamosi iliyopita Adhiambo alikuja hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, amebeba beseni jipya la plastiki, kubwa, na ndani yake taulo mbili na chupa ya mafuta ya simsim. Mimba yake ina miezi minane. Alipita katikati ya wauza mboga na fundi wa viatu akipiga kelele, "Auntie Jeru, sasa! Usinicheke, natembea na beseni kama mtu amefukuzwa kwa nyumba," akaliweka karibu na cherehani yangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu. Nikamuuliza beseni ni la nini. "Ni la wewe kunikanda. Nikizaa tu, wewe ndiye unakuja. Baba aliniambia kabla afe, Jerusa ndiye alimkanda mama yako mpaka siku ya mwisho, na hakuna mtu alimpenda mama yako kama huyo." Alisema hivyo akitafuna ndizi. Mimi nilikuwa na kaptura ya shule mkononi. Niliendelea kushona, nikaufunga mfuko mdomo wote, nikalazimika kuufumua.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa nani. Hayo hayakuua mtu. Nitaeleza mwaka mmoja, ule niliokuwa na miaka ishirini, napanga chumba kwa Mama Zuhura kule Makina, Kibera. Mama Zuhura alikuwa Mnubi, babu yake aliletwa na jeshi la mkoloni akapewa pale mahali pa kukaa, na nyumba yake ilikuwa ya udongo iliyopakwa chokaa, vyumba vinane vimezunguka ua, paa la mabati limeshika kutu. Chumba chake cha mbele kilikuwa na vikapu vya rangi ukutani, vile wanawake wao hufuma wenyewe, na harufu ya ubani ambayo ilinifuata mpaka kitandani kwangu vyumba vitatu mbele. Mimi niliuza maji kwenye tangi lake mlangoni. Maji yalikuja na paipu nyeusi ya plastiki iliyopita kwenye mtaro pamoja na paipu za watu wengine, na kila wiki tope liliingia kwenye viungo likaziba. Nilijifunza kuitafuta hiyo takataka kwa vidole. Nilitembea nikiibonyeza paipu mpaka nifike mahali pagumu, halafu nikaikanda kwa vidole gumba viwili, taratibu, nikilisukuma donge mbele, mpaka maji yenyewe yalichukue. Mara nyingi lilitokea bombani kama kizibo cheusi na watu wenye mitungi wakanipigia makofi. Lakini kuna siku lilifika pale kwenye bomba, ambapo njia ni nyembamba, likakwama, na ua mzima ukakaa bila tone mpaka Ouma aje na spana.

Ouma alikuwa fundi wa mabomba, na mkewe alikuwa Akinyi. Chumba chao kilipakana na changu, ukuta wa mabati katikati, na kila walichosema nilikisikia, hata kama sikutaka. Jioni nilikula kwao. Akinyi alijua kupika omena isiwe chungu, aliichemsha kwanza, akamwaga maji, akaikaanga na nyanya mpaka ikalia kwa sufuria. Nilimsikia Ouma akisema upande ule mwingine, "Huyu msichana ataanza kula sahani." Akinyi akamjibu, "Wacha ale. Wewe pia ulikuja kwangu na shati moja na njaa, nani alisema kitu?" Wakacheka. Alinisuka nywele nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake, magoti ambayo yalinibana masikio nikitingisha kichwa. Nayakumbuka hayo magoti. Hayakuwa na kasoro, yote mawili yalikuwa sawa.

Mama Zuhura alikuwa na kazi nyingine iliyomfanya ajulikane hadi mtaa wa Olympic: aliwakanda wanawake waliozaa. Asubuhi, maji ya moto kwa beseni, kitambaa kizito, mafuta ya simsim, mgongo, kiuno, tumbo likafungwa kwa leso. Wanawake wa kila kabila walimwita, Waluo, Waluhya, Wakamba, kwa sababu mikono yake ilikuwa na jina. Mwaka huo alianza kunichukua nimbebee beseni, na baadaye akaniachia migongo. Nilijua nina mikono. Wanawake walifumba macho nikiwashika, mmoja akalala akikoroma. Nikamwomba Mama Zuhura aniache niende peke yangu. Alikuwa anakula gurusa, ile chapati nyembamba ya Kinubi, na chai, akafunika sahani na kikapu kama vile mazungumzo yamekwisha. "Wewe bado. Mikono unayo. Masikio huna." Wapangaji walikuwa uani wanasikia. Nilikasirika nikakaa siku nne namsalimu kwa kichwa tu.

Mwisho wa mvua za masika Akinyi alijifungua msichana jioni, ndiyo maana akaitwa Adhiambo. Alipasuliwa. Alirudi nyumbani siku ya nne, na kutoka kijijini akaja mama mkwe wake, Min Ouma, na gunia la omena na amri. Sasa nitawataja wenye kosa, maana nimewabeba miaka yote hii na wao hawajui. Wa kwanza ni muuguzi aliyemruhusu Akinyi aondoke, ambaye jina lake silijui. Alimwambia arudi kutolewa nyuzi, hakumwambia ainuke atembee. Wa pili ni Min Ouma. Alisema mwanamke aliyepasuliwa akitembea mshono unafunguka, akamlaza Akinyi kitandani siku kumi, uji akaletewa, ndoo akaletewa, hata kukaa kwenye mlango aote jua akakatazwa. "Lala, nyara, binti yangu, sisi tulilala, si unaona tuko wazima?" Wa tatu ni Ouma mwenyewe, Mungu amrehemu. Usiku tatu nilimsikia Akinyi kupitia mabati akisema mguu wa kushoto unauma kwa nyuma, pale kwenye shavu la mguu, kama umekazwa na kamba, na usiku tatu nikamsikia Ouma akiongeza sauti ya redio. Wa nne ni Njoro. Alikuwa na duka la dawa la mabati njiani kwenda Soweto, ile ya Kibera, watu walimwita daktari na yeye akaitika. Mimi ndiye niliyetumwa kwake. Nilimweleza mguu umevimba, ni mmoja, una joto, unang'aa. Hakuinuka kwa stuli. "Amezaa juzi? Huo ni uchovu wa kulala. Damu imelala. Mumkande, itaamka." Akanipa vidonge vya maumivu kwenye karatasi ya gazeti.

Mumkande. Min Ouma alipenda sana hilo neno. Akaja kwa tangi akitafuta Mama Zuhura, na Mama Zuhura alikuwa amekwenda kwenye harusi ya mpwa wake, siku tatu harudi. Nilikuwa nimeshika mtungi wa mtu, maji yanamwagika. Nikasema, "Mimi naweza. Ndiye amenifundisha." Min Ouma aliniangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe mdogo hivi?" Akinyi akaita kutoka ndani, "Mathe, wacha Jeru aje! Mikono yake ni tamu!"

Nilimkanda asubuhi tatu. Chumba kilikuwa na kitanda, pazia la maua, jiko la makaa mlangoni, na mtoto amelala ndani ya katoni kubwa ya sabuni, ametandikiwa sweta. Siku ya kwanza mguu ulikuwa mgumu kama mkate wa jana. Ngozi ilivutika, ukibonyeza kidole shimo lilibaki. Nilianza kwenye kifundo nikapanda juu na kitambaa cha moto, halafu mafuta, halafu vidole gumba, vile nilivyozoea. Akinyi alilia kidogo, akaacha. Siku ya pili alisema amelala vizuri. Siku ya tatu nilifika pale nyuma ya goti nikapata kitu kirefu, kigumu, kama uzi mnene chini ya ngozi. Nilifurahi. Nilifikiri nimeupata ugonjwa. Nikaukanda kuelekea juu, nikiusukuma, na Akinyi akafumba macho akasema, "Hapo hapo. Jeru, usiache." Min Ouma alikuwa anakoroga uji wa wimbi. Akasema huyu msichana ataolewa na tajiri. Tulicheka wote watatu.

Baadaye Akinyi akasema ana hamu ya chai na mandazi, na leo atakaa kitako amshike mtoto vizuri. Nikamsaidia kukaa. Nikamwekea Adhiambo mapajani. Jua lilikuwa limeingia mlangoni, kama saa nne hivi. Alikohoa mara moja, kama mtu aliyepaliwa na mate. Akaweka mkono kifuani. "Jeru," akasema, "hewa." Midomo ikageuka rangi, ile rangi ya zambarau ambayo sikuwahi kuipenda tena hata kwa kitambaa. Nilimchukua mtoto kabla aanguke. Min Ouma alimshika mabega akamtikisa akimwita kwa Kijaluo, na mimi nikatoka mbio mpaka kwa tangi nikipiga kelele nimekumbatia mtoto, na wanaume wawili wakaingia, wakambeba na blanketi. Hawakufika hata barabara ya lami. Niliporudi chumbani uji ulikuwa umeungua, sufuria inatoa moshi, na beseni langu bado lilikuwa na maji ya uvuguvugu.

Kwenye matanga, pale uani chini ya hema, nilikaa na mtoto nikasikiliza. Mmoja alisema ni presha. Mwingine akasema maziwa yamepanda kwa moyo. Mama mmoja wa Soweto akasema, "Kuna mtu alimwangalia huyo na jicho." Hakuna aliyenitazama mimi. Kinyume chake, Min Ouma alisimama mbele ya watu akasema kuna msichana hapa, si wa damu yetu, lakini alimkanda mwanangu kama dada yake, akanipa leso ya Akinyi ya rangi ya chungwa. Watu wakapiga makofi kidogo, vile watu hupiga matangani. Niliipokea kwa mikono yote miwili. Hiyo leso ninayo mpaka leo, chini ya sanduku, sijawahi kuifunga hata mara moja.

Hao ndio wanne. Kwa miaka mingi niliishia hapo, wanne. Nikimkumbuka Njoro kwenye stuli yake nilitamani jiwe. Lakini kuna jambo la mwaka huo huo, la miezi miwili kabla, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Tulikuwa tumeitwa nyumba moja kule Soweto, mimi na beseni, Mama Zuhura mbele. Mwanamke alikuwa na wiki mbili tangu azae. Mama Zuhura alimfunua miguu, akaishika yote miwili kwa mgongo wa mkono, hivi, kama mtu anayepima paji la uso la mtoto. Akarudia. Halafu akafuta mafuta mikononi na taulo. "Huyu simgusi. Mpelekeni hospitali leo, leo hii." Wenye nyumba walituita wavivu. Njiani nilikuwa na aibu, nikamuuliza kwa nini. "Mguu mmoja ukivimba na mwenzake haukuvimba, na ukiwa moto, usiukande. Marehemu mama yangu alinikataza." Nikamuuliza ndani kuna nini. "Sijui kuna nini. Najua usiukande." Nilijiambia huyu mzee ameogopa tu. Hiyo ndiyo siku alipoona sina masikio, nafikiri.

Mama Zuhura alirudi kutoka harusini na hina mikononi, akakuta hema. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akafunga mlango, akakaa kwenye kitanda changu. Hakuniuliza kama nilimkanda Akinyi, watu walikuwa wameshamwambia kwa sifa. Aliuliza kitu kimoja. "Mguu ulikuwa moto?" Nikasema, "Haukuwa moto." Nje watoto walikuwa wanagombania mpira wa makaratasi. Akaniuliza tena, polepole, "Jerusa. Ulikuwa mmoja au yote miwili?" Nikasema yote miwili. Akainuka. Tangu siku hiyo alinisalimu, alinipikia Idd, hakuniambia neno baya, na hakunipa tena beseni. Kabla ya mwaka kwisha nilihamia Kawangware nikajifunza cherehani. Watu nikawaambia nimechoka kubeba maji. Mama Zuhura amekufa, nilisikia kwa watu. Sikwenda.

Ningekufa na hao wanne wangu kama si mguu wangu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa tumbo kwenye hospitali ya serikali, nikalala, na wiki ya pili mguu wangu wa kushoto ukaanza. Ni huo huo wa kushoto. Niliujua kabla sijaufunua. Binti wa jirani alileta maji ya moto na mafuta ya kuchua ya Robb, akasema, "Mathe, wacha nikukande," nikampigia kelele mpaka akaangusha birika. Hospitalini muuguzi mmoja kijana alinipima miguu yote miwili kwa tepu, tepu kama yangu ya ufundi, chini kidogo ya goti, akaandika. Halafu akanieleza, kwa sababu nilimuuliza mara tatu. Akasema moyo unasukuma damu iende chini kwa njia moja, njia yenye nguvu, ile unaisikia ikipiga mkononi. Kurudi inarudi kwa njia nyingine, na njia ya kurudi haina nguvu hiyo. Inategemea mguu. Ukitembea, nyama ya shavu inaibana ile mishipa na damu inapanda, na ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyofunguka kwenda juu tu, vinafunga nyuma ili isishuke. Ukilala siku nyingi baada ya kuzaa au kupasuliwa, damu inasimama, na damu ya mwanamke aliyezaa iko tayari kuganda, mwili umeiweka hivyo isimwagike mpaka afe. Inaganda humo ndani, inakuwa uzi.

"Na uzi ukitoka?" nikauliza. Akachora kwenye nyuma ya karatasi yangu ya dawa. Kutoka mguuni kwenda tumboni njia inazidi kupanuka, kwa hivyo hakuna pa kukwama. Unaingia moyoni, upande wa kulia. "Na upande wa kulia wa moyo, mama, unapeleka damu mahali pamoja tu. Kwenye mapafu. Huko mishipa inaanza kuwa myembamba tena." Akaniangalia. "Ndiyo maana hatukandi." Niliikodolea macho ile michoro. Niliona paipu nyeusi kwenye mtaro, vidole vyangu gumba, donge linakwenda mbele, na bomba. Nililijua hilo jambo nikiwa na miaka ishirini. Nililijua kwa paipu. Nikamuuliza kama mtu akiukanda ndiye ameua. Alifikiri kidogo, kijana wa watu. "Huenda ungeng'oka wenyewe, akiinuka tu. Huwezi kujua." Alitaka kunisaidia. Amenibebesha mzigo mbaya zaidi, kwa sababu sasa hata kuwa na hakika siwezi. Nikapewa sindano za tumbo za kuzuia damu isigande, na vidonge miezi sita. Nimepona, nakanyaga cherehani, natembea mpaka stendi na kurudi. Akinyi angepona na sindano hizo hizo kama Jerusa angefunga mdomo pale kwa tangi na Min Ouma akalazimika kutafuta gari.

Basi Jumamosi Adhiambo alipomaliza ndizi yake na kuniuliza, "Sasa auntie, tumekubaliana?" nilizima redio ya fundi wa viatu mwenyewe, akanishangaa. Nikamwambia yote. Wale wanne sikuwataja. Miaka yote nilikuwa nimewapanga mdomoni, Njoro na stuli yake, nyanya yake Adhiambo na uji, baba yake na redio, na nilipofungua mdomo hawakutoka. Nilianza na mwanamke wa Soweto na mgongo wa mkono wa Mama Zuhura. Nikafika kwa uzi nyuma ya goti. Nikamwambia niliusukuma kuelekea juu, nikamwonyesha vidole gumba, halafu nikaona nimevinyoosha mbele ya uso wake nikavirudisha chini ya kaptura ya shule. Nikamwambia nilivyoulizwa na nilivyodanganya, mara mbili.

Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, unakwenda na kurudi. Mteja akaja kuulizia zipu, nikamwambia kesho. Adhiambo akauliza, "Alisema nini?"

"Nani?"

"Mama. Ulipokuwa unamkanda."

Hilo nilikuwa nimeamua kulificha. "Alisema hapo hapo. Alisema Jeru, usiache."

Akageuza uso kwa barabara. Nilidhani analia, lakini aliporudi macho yalikuwa makavu kabisa, ni mdomo tu uliokuwa umekazana, na kwa mara ya kwanza nikamwona Akinyi alipokuwa amekasirishwa na Ouma. Alivaa kiatu kimoja, akakivua tena. Nilingoja aniambie anachotaka kuniambia. Nimelingoja hilo neno miaka mingi, kutoka kwa mtu yeyote.

"Wewe huna ruhusa ya kunikanda," akasema. "Milele."

"Ndiyo."

"Lakini nikizaa utakuja. Kila asubuhi. Utaniinua nitembee, hata nikikutukana. Na utaangalia miguu. Mume wangu hajui kuangalia, na mama mkwe wangu ni wale wale. Beseni ni la kuogeshea mtoto." Akalisukuma kwa mguu. "Unanisikia, Jerusa?"

Alisema Jerusa. Auntie alikuwa ameiacha mahali fulani kule nyuma, na sikuwa na haki ya kuidai.

Nikasema nasikia. Akavuta gauni mpaka juu ya magoti, pale pale, watu wanapita. "Anza leo. Nataka kuona kama unajua." Nikachukua tepu yangu shingoni, nikapiga magoti kwenye vumbi na vipande vya vitambaa. Nilipima wa kulia kwanza, chini kidogo ya goti, tepu pekee ikimgusa, vidole nimevipeleka mbali kadiri nilivyoweza. Nikapima wa kushoto. Miguu mizuri, imevimba kidogo kwa mimba, yote miwili kidogo, magoti ya mama yake. Nikazisoma namba mara mbili.

"Imelingana?"

"Imelingana."

"Pima tena," akasema.

Nikapima tena.